Kosa la Kundi, Hatia ya Mtu Mmoja Mmoja

Katika visiwa vya Wabajuni, vilivyojipanga kandokando ya pwani kutoka karibu na mpaka wa Kenya hadi Kismayu, neno "kundi" halihitaji maelezo marefu. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, makundi yenye bunduki yaliingia katika visiwa hivyo, Chovai kikiwa kimojawapo, yakawapora wavuvi vyombo vyao, nyavu zao na akiba zao. Wengi walipanda mashua wakakimbilia Kenya, na kwa miaka kadhaa wakaishi katika kambi za Mombasa kama ile ya Jomvu. Mahakama za dola zilikuwa zimeanguka pamoja na dola yenyewe. Mvuvi aliyeporwa hakuwa na kituo cha polisi cha kuandikisha mashtaka, wala hakimu wa kumsikiliza.

Mtu aliyeonja dhuluma ya namna hiyo ana haki ya kutaka kuona mnyang'anyi akikamatwa na kuadhibiwa. Wala hatuandiki leo ili kumwonea huruma mnyang'anyi. Tunaandika kwa ajili ya askari na polisi wanaolinda pwani hii, kwa sababu kila shauri la unyang'anyi wa kundi huanzia mikononi mwao. Aghalabu shauri hilo hufia mikononi mwao vilevile, ingawa kaburi lake huchimbwa miaka mingi baadaye, katika mahakama ya rufani.

Tumesikia mara nyingi manung'uniko ya askari kwamba wao wanahatarisha maisha kuwakamata majambazi, kisha majaji wanawaachia. Manung'uniko hayo yana uchungu wa kweli ndani yake, na si vyema kuyapuuza. Lakini hatuna budi kuuliza swali ambalo mnung'unikaji hapendi kuulizwa: jaji alipolifungua jalada, alikuta nini ndani yake?

Tuchukue mfano ulio karibu na maji hayahaya. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba, 2011, watu wenye silaha walivamia hoteli moja katika eneo la Kiwayu, Wilaya ya Lamu, kusini ya mpaka wa Somalia. Walimuua mtalii mmoja Mwingereza, wakamteka mkewe, wakampeleka Somalia kwa njia ya bahari. Mama huyo aliachiliwa Machi 2012, baada ya kukaa mikononi mwa watekaji zaidi ya miezi sita. Lilikuwa tendo la kikatili, na kila mwenye moyo alitaka wahusika wapatikane upesi.

Akakamatwa mkazi mmoja wa misitu ya bara, mtu wa jamii ya Waboni, aliyewahi kufanya kazi katika hoteli ileile. Yeye alijitetea kwamba watu wenye bunduki walimlazimisha kuwaonyesha njia. Ushahidi mkubwa uliomkabili ulihusu viatu na nyayo mchangani. Mwaka 2013 Mahakama ya Lamu ilimtia hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, ikamhukumu kifo. Kundi lilikuwa la watu kadhaa. Aliyetiwa hatiani katika shauri hilo alikuwa mtu mmoja.

Mwaka 2023, yaani baada ya zaidi ya miaka 11 tangu kukamatwa kwake, Mahakama Kuu ya Kenya iliifuta hatia hiyo. Mtu huyo alikuwa ameshitakiwa katika shauri ambalo sehemu yake kubwa ilisikilizwa akiwa hana wakili, wala hakupewa mkalimani wa lugha yake. Hebu askari atafakari hesabu ya jambo hili. Mtu amepoteza miaka 11. Mjane hajapata haki aliyoahidiwa. Na wale waliofyatua risasi hawakuguswa hata kidogo na hukumu ile ya Lamu. Shauri likiharibika, wanaoshangilia ni wale ambao hawakukamatwa.

KAZI YA RUFANI

Inafaa kueleza rufani ni nini, maana baadhi ya watu huidhania kuwa ni mlango wa nyuma wa gereza. Nchini Kenya mtu aliyehukumiwa na hakimu ana siku 14 za kupeleka rufani Mahakama Kuu. Na mahakama hiyo haifanyi kazi ya kugonga muhuri tu. Katika shauri la Okeno la mwaka 1972, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilieleza wajibu huo kwa maneno yanayofuatwa hadi leo: mahakama ya rufani ya kwanza hupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakisema. Rufani ya pili, ile inayokwenda Mahakama ya Rufani, hushughulikia mambo ya sheria peke yake.

Maana yake ni kwamba neno analoandika polisi katika kituo kidogo cha kisiwani litasomwa na jaji ambaye hakuwapo, hakumwona mlalamikaji akilia, wala hakusikia mlio wa risasi. Yeye ana karatasi tu. Lililoandikwa lipo, lisiloandikwa halipo.

Wala rufani haimpendelei mshitakiwa daima. Askari wa majini wakumbuke shauri la jahazi la Kihindi liitwalo Safina Al Bisarat. Januari 2006 manowari ya Marekani iliwakamata maharamia 10 waliokuwa wameliteka jahazi hilo nje ya pwani ya Somalia. Walipelekwa Mombasa, wakashitakiwa, na mwaka huohuo kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 7. Walikata rufani wakidai kwamba mahakama ya Kenya haikuwa na mamlaka juu ya kosa lililotendwa katika bahari kuu. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliikataa rufani yao. Hatia ikabaki, na adhabu ikabaki.

Novemba 2010 upepo uligeuka. Katika shauri la watuhumiwa wengine 9, Jaji Mohamed Ibrahim wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya uharamia uliotendwa nje ya maji ya nchi. Serikali ikakata rufani, na Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, ikisema kwamba uharamia ni kosa dhidi ya mataifa yote na kila taifa laweza kulihukumu. Basi yule anayesema rufani ni rafiki wa jambazi, na asome kumbukumbu hizo mbili. Serikali nayo hukata rufani, na serikali nayo hushinda, ikiwa hoja yake ina msingi.

NURU NA NYUSO

Unyang'anyi wa kundi una tabia zake. Hutendwa usiku mara nyingi, hutendwa upesi, na hutendwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mlalamikaji amelala kifudifudi, tochi inamulika macho yake, anasikia sauti nne au tano. Asubuhi anaulizwa: uliwaona? Anajibu: niliwaona. Anasema kweli kwa kadiri ya moyo wake, lakini macho yaliyojaa hofu yaweza kumdanganya mwenye macho.

Kwa sababu hiyo mahakama za Afrika ya Mashariki zimeonya tangu zamani, katika shauri la Abdala bin Wendo la mwaka 1953 na lile la Roria la mwaka 1967, kwamba utambuzi wa shahidi mmoja katika mazingira magumu upimwe kwa uangalifu mkubwa sana. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikayaeleza hayo kwa kinaganaga katika shauri la Waziri Amani, mwaka 1980. Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Walikuwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga gani, wa taa au wa mwezi, na ulikuwa na nguvu kiasi gani? Je, alikuwa akimfahamu kabla ya siku hiyo?

Maswali hayo si ya majaji peke yao. Ni maswali ya polisi wa kwanza kufika mahali pa tukio. Palipo na fanusi, na iandikwe kwamba ilikuwapo, ilining'inia wapi, na ilikuwa hatua ngapi kutoka kwa shahidi. Mlalamikaji akisema mmoja wao ana kovu shavuni, neno hilo na liandikwe usiku uleule, kabla ya mtu yeyote kukamatwa. Kovu lililotajwa kabla ya kukamatwa ni ushahidi. Kovu lililokumbukwa baada ya mshitakiwa kuonekana kizimbani lina thamani ndogo mno.

Gwaride la utambulisho nalo lina taratibu zake. Mtuhumiwa husimama pamoja na watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali, na shahidi hapaswi kumwona kabla ya hapo. Tunafahamu kwamba kisiwani watu ni wachache na kila mtu anamjua mwenziwe. Basi pale ambapo shahidi anamfahamu mtuhumiwa kwa jina, gwaride halina maana kubwa. Cha maana ni kwamba alilitaja jina hilo mara ya kwanza alipotoa taarifa. Polisi asipoliandika, rufani itauliza kwa nini, na hakuna atakayekuwapo kujibu.

MALI NA MANENO

Jambo la pili ni mali iliyoibwa. Injini ya boti ikipatikana nyumbani kwa mtu siku mbili baada ya unyang'anyi, mahakama yaweza kuamua kwamba yeye ni mmoja wa wanyang'anyi, asipotoa maelezo ya kuridhisha. Lakini ni lazima mambo manne yathibitishwe: kwamba injini ilikutwa kwake hasa, kwamba ni ya mlalamikaji bila shaka, kwamba iliibwa kwa mlalamikaji huyo, na kwamba iliibwa karibuni. Nambari ya injini isipoandikwa, injini hiyo ni sawa na nyingine elfu. Nyavu hufanana. Fedha hazina jina. Hati ya upekuzi isiyotiwa saini na shahidi huru hugeuka maneno ya askari dhidi ya maneno ya mshitakiwa.

Jambo la tatu ni kukiri. Hapa twapenda kusema wazi, bila kuzunguka. Mtu aliyepigwa hukiri, na huyataja hata majina ya jirani zake ili fimbo ipumzike. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, tangu marekebisho ya mwaka 2003 na yale yaliyofuata, haikubali maungamo yasiyotolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichotajwa na sheria asiyekuwa mpelelezi wa shauri hilo, naye mtuhumiwa akiwa na mtu wa kumchagua mwenyewe. Askari anayempiga mtuhumiwa anadhani anafupisha kazi. Kumbe anamwandikia mshitakiwa hoja ya kwanza ya rufani.

Jambo la nne ni lugha. Pwani hii ina Kibajuni, Kisomali, Kiboni na Kiswahili cha mjini, na si kila mkazi wake anazijua zote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka askari amweleze mtu sababu ya kukamatwa kwake katika lugha anayoifahamu, na inampa mshitakiwa mkalimani bila malipo. Tumekwisha kuona katika shauri la Kiwayu gharama ya kulidharau jambo hili. Kama maelezo yameandikwa kwa lugha moja na msemaji alisema kwa lugha nyingine, na iandikwe ni nani aliyetafsiri.

NANI ALIFANYA NINI

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe. Sheria inatambua nia ya pamoja. Watu wanaokubaliana kutenda kosa, kila mmoja wao hubeba mzigo wa tendo la mwenziwe lililokuwa tokeo la kutazamiwa la mapatano yao. Aliyebaki akiishika mashua wakati wenziwe wanapora hawezi kusema yeye hakugusa kitu. Sheria hiyo ni ya haki, na bila hiyo hakuna kundi ambalo lingehukumiwa.

Lakini nia ya pamoja sharti ithibitishwe. Haidhaniwi kwa sababu ya ukoo, kijiji au chombo kimoja. Mvuvi aliyelazimishwa kwa bunduki kuwavusha wanyang'anyi, naye akavusha kwa kuhofia roho yake, si mnyang'anyi. Sheria yenyewe inamkinga mtu aliyetenda kwa kutishiwa kuuawa wakati wote wa tendo. Mpwa wa mnyang'anyi si mnyang'anyi. Aliyekutwa akilala katika nyumba ileile hana budi kuthibitishiwa zaidi ya usingizi wake. Katika kisiwa kidogo kama Chovai, ambako nyumba ni za ndugu na mashua ni za shirika, kosa hili la kukusanya wote kwa pamoja ni jepesi sana kulitenda, na madhara yake hudumu kizazi kizima. Watu walioporwa na makundi yenye bunduki mwaka 1991 wasije wakajifunza kumwogopa askari kwa namna ileile.

Ndiyo maana mahakama ya rufani humchukua kila mrufani peke yake. Katika rufani moja, wa kwanza aweza kubaki hatiani kwa kuwa mali ilikutwa kwake, wa pili akabaki kwa kuwa alitambuliwa na watu watatu waliomjua, na wa tatu akaachiwa kwa kuwa hakuna shahidi hata mmoja aliyemtaja ila polisi. Hapo hakuna kigeugeu cha majaji. Kosa ni la kundi, lakini hatia ni ya mtu mmoja mmoja.

UZITO WA ADHABU

Haya yote yanapata uzito zaidi tunapoitazama adhabu. Nchini Tanzania unyang'anyi wa kutumia silaha una adhabu isiyopungua miaka 30. Nchini Kenya kifungu cha 296 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifo, na Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ilieleza katika shauri la Johana Ndungu, mwaka 1996, kwamba moja tu kati ya mambo matatu latosha: kuwa na silaha ya hatari, au kuwa pamoja na mwenzi mmoja au zaidi, au kumdhuru mtu. Yaani vijana wawili wasio na hata kisu, wakimtisha mtu na kumnyang'anya fedha zake, wako chini ya kifungu kilekile alicho chini yake mwenye bunduki.

Adhabu ya kifo haijatekelezwa nchini Kenya tangu mwaka 1987. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwapunguzia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakingojea kunyongwa, na Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawapunguzia wengine 2,747. Wote wakageuziwa kifungo cha maisha. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika shauri la Muruatetu, iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kumsikiliza mkosaji juu ya adhabu yake ni kinyume cha Katiba. Watu wengi waliohukumiwa kwa unyang'anyi walikimbilia mahakamani wakitaka wasikilizwe upya, na baadhi yao wakapunguziwa. Julai 2021 Mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake.

Tunayataja hayo ili askari aelewe kwamba kuipima adhabu ni kazi yenye kanuni. Mahakama ya rufani haipunguzi adhabu kwa sababu mfungwa amelia. Hugusa adhabu pale tu hakimu alipokosea kanuni, au alipoacha jambo la maana, au alipotoa adhabu iliyopita kiasi kwa dhahiri. Na mizani hiyo huweza kulemea upande wa pili: mahakama ina uwezo wa kuiongeza adhabu. Miaka ambayo mtu alikaa rumande nayo huhesabiwa. Vilevile shauri likiharibika kwa uzembe, serikali haipewi kila mara nafasi ya kulianza tena. Tangu shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966 inajulikana kwamba shauri halirudiwi ili upande wa mashtaka upate kuziba matundu iliyoyaacha wenyewe.

WAJIBU WETU

Ndugu askari, baadhi yenu mko zamu katika mwambao huu, na wengine mko katika vituo vya mbali vyenye daftari moja na kalamu moja. Tunajua kwamba hamna maabara, na kwamba boti hukosa mafuta. Lakini mambo mengi tuliyoyataja hayahitaji fedha. Kuandika saa hakuhitaji fedha. Kuandika nambari ya injini hakuhitaji fedha. Kuuliza "ulimwona kwa mwanga gani?" na kuandika jibu kama lilivyotolewa, hata likiwa si jibu tulilolitamani, hakuhitaji fedha. Na kuuzuia mkono usimpige mtu aliyefungwa pingu hakuhitaji kitu ila nidhamu, ambayo ndiyo fahari ya askari.

Yule mvuvi aliyeporwa hataki kusikia kwamba watu 10 wamekamatwa. Anataka kujua kwamba wale walioingia nyumbani kwake ndio walio gerezani, na kwamba watakuwa gerezani hata baada ya rufani zote kwisha. Hukumu iliyosimama juu ya ushahidi safi haiogopi rufani. Hutoka huko ikiwa na nguvu zaidi. Hukumu iliyosimama juu ya hasira huanguka, na ikianguka humwangukia mlalamikaji.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Jalada litakalosomwa na majaji mwaka wa kumi linaandikwa usiku wa leo, kwa mwanga wa tochi, na askari aliyechoka. Askari huyo na aandike kweli, aiandike yote, na amwandike kila mtu kwa jina lake na kwa tendo lake mwenyewe.